Kuku Wetu na Adui Zao

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, siku ya kukabidhi banda jipya la kuku la shule)



Kwanza kabisa napenda kuishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kunipa nafasi hii ya kusema nanyi machache juu ya kuwalinda kuku wetu wa nyumbani. Nimeambiwa kwamba aliyeombwa kwanza ni daktari wa mifugo kwelikweli, naye akatoa udhuru. Kwa hiyo mmenipata mimi, ambaye kazi yangu katika utumishi wa serikali ni ya mafaili na makisio ya fedha, na ambaye Chuo Kikuu nilisomea uchumi wala si kuku. Hata hivyo nimefuga kuku nyuma ya nyumba mjini Morogoro kwa miaka 11, na katika miaka hiyo nimenyang'anywa kuku na kila kiumbe chenye meno, kucha au mdomo. Nadhani ada niliyolipa yanitosha kuitwa mwanafunzi wa somo hili. Ipo na sababu nyingine iliyonifanya nikubali, nami nitaieleza kabla sijaketi.

Ndugu zangu, nikitazama humu ukumbini naona mvi si haba. Wapo waliostaafu na wapo tunaohesabu miaka, na karibu kila mmoja wetu ana mradi wa kuku, ama nyuma ya nyumba, ama kichwani. Mradi wa kichwani hauna hasara. Humo kuku 10 hutaga, huatamia, huangua, na ukifika mwaka wa pili wamekuwa 200. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe juu ya karatasi ya ofisi. Safu moja tu niliisahau, nayo ni ya wale wengine wanaopenda nyama ya kuku kama sisi.

Daftari langu la mwaka wa kwanza ninalo hadi leo. Vifaranga walioanguliwa walikuwa 63. Waliofikia kuuzwa, au kuliwa na wenye kuku, walikuwa 19. Mbele ya wale 44 niliandika neno moja, "wamepotea", nikaona kazi ya mtunza hesabu imekwisha. Basi mama yangu mzazi, ambaye hukaa kijijini kwetu wilayani Kilosa, alikuja kututembelea, akaniomba nimsomee daftari lile. Mama hakusoma kupita darasa la 4, lakini sehemu kubwa ya ada yangu ya shule hii ilitoka katika kuku wake, nao kila muhula walipanda basi kwa tenga kwenda kuuzwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Wamepotea vipi, baba? Mchana au usiku? Wameacha nini?"

Sikuwa na jibu hata moja. Mama akaniambia kwamba mtu asiyejua kilichomla kuku wake atajenga ukuta upande usio na adui. Tangu siku hiyo sikuandika tena "wamepotea". Kila mla kuku huacha saini yake, na kazi ya kwanza ya mfugaji ni kwenda mahali penyewe asubuhi, kabla watoto hawajafagia, akaisoma.

Lakini kabla sijaingia kwa wanyama, niseme jambo moja lisije likasahaulika. Kuku wengi tunaosema wameliwa, kwa kweli walikwisha uawa na mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku mwenye mdondo huzubaa, hujitenga na wenziwe, hashindani mbio, naye mwewe humwokota kama embe lililoanguka. Chanjo yake iitwayo I-2 hutengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, nayo hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, kisha hurudiwa kila baada ya miezi 3. Huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ijapokuwa haifai kuachwa juani wala kuzungushwa mfukoni mchana kutwa. Asiyechanja asijenge banda; atakuwa anawajengea marehemu.

Sasa tuje kwa adui wa mchana. Mkubwa wao kwa vifaranga ni mwewe. Huyu hamtaki kuku mzima, anataka kifaranga, hasa katika majuma 4 au 5 ya kwanza, na hamchukui ila mmoja mmoja. Saini yake ni kutokuwa na saini: hakuna damu, hakuna mfupa, na manyoya ni machache au hayapo kabisa. Utasikia tu koo akipiga kelele ya ghafla na vifaranga wakitawanyika, kisha ukihesabu, mmoja hayupo. Kesho yake saa ile ile hurudi, maana mwewe akishapajua mahali huwa kama karani mwenye saa ya kufika kazini.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kuwaweka vifaranga na mama yao ndani ya tenga pana au kizimba chenye wavu juu, kwa majuma yale ya hatari, wakipewa chakula na maji humo humo. Ya pili ni kivuli cha chini. Uwanja uliofagiwa ukang'aa hupendeza machoni pa wageni, lakini kwa mwewe ni sahani. Mimi nilipanda mihogo na michaichai kando ya ua, nikaegemeza na mabati mabovu mawili, na vifaranga walijifunza wenyewe kukimbilia huko. Wapo wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula. Nilijaribu. Juma la kwanza mwewe alizunguka juu bila kushuka, nikajisifu kwa majirani. Juma la pili akachukua kifaranga wa zambarau.

Kunguru naye si wa kudharauliwa, nami nasema hasa wale wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 wasaidie kula taka za mji, na leo wameenea pwani nzima na kupanda bara hadi kwetu Morogoro. Nimewaona kwa macho yangu wawili wakishirikiana: mmoja anamchokoza koo mbele, mwenziwe anachukua kifaranga nyuma. Mayai pia huyapenda. Ukiweka viota vya kutagia ndani, mahali penye giza kidogo, na kuokota mayai mara 2 kwa siku, utampunguzia sababu ya kuja. Taka za jikoni zikizagaa, hutamwondoa hata kwa manati.

Nguchiro huja mchana pia, wengine peke yao na wengine kwa makundi. Anapenda mayai mno, na namna yake ya kuyavunja ni ya kuchekesha kama si mayai yako: hulishika yai kwa miguu ya mbele, akaligeuzia kisogo jiwe, akalirusha nyuma kati ya miguu yake mpaka lipasuke. Ukikuta maganda karibu na jiwe au nguzo, usiwapige watoto. Kenge naye hula mayai na vifaranga wakati wa jua kali, na huchimba au kujipenyeza chini ya ukuta. Nyoka humeza yai zima, hivyo kiota kikipungua mayai bila hata kipande cha ganda, ingiza mkono kwa uangalifu, au afadhali usiuingize kabisa, piga kwanza kwa fimbo. Chatu akiingia bandani usiku na kumeza kuku, mara nyingine tumbo humjaa akashindwa kutoka kwenye tundu aliloingilia, na asubuhi mwenye banda humkuta mgeni bado yumo.

Siafu nitawataja kwa haraka, si kwa sababu ni wadogo, bali kwa sababu dawa yao ni nyepesi. Hao humwua koo anayeatamia palepale juu ya mayai yake, maana hakubali kuyaacha. Banda likiwa juu ya nguzo, kila nguzo ikasimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, hawapandi. Kwa banda la chini, majivu mengi makavu kuzunguka ukuta husaidia, na hubidi kuyaweka upya mvua ikinyesha. Panya nao hung'ata vifaranga usiku, na panya huletwa na chakula tulichoacha kimemwagika.

Sasa ndugu zangu naomba mnivumilie kidogo kwa huyu mmoja, kwa sababu yeye ndiye aliyenileta hapa mbele. Jina lake ni kanu. Wengi humchanganya na kicheche au na fungo. Kicheche ni mdogo, mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, naye utamjua kwa harufu kabla hujamwona. Fungo ni mkubwa, hutembea chini kama mbwa mdogo. Kanu ni mwembamba, ana madoa, ana mkia mrefu wenye pete, na uzito wake ni kama kilo 2 tu, yaani hafikii hata paka aliyeshiba wa nyumbani. Hupanda mti, ukuta na paa kama hana uzito. Penye tundu la kupitisha kichwa chake, mwili hufuata. Hulala mchana kutwa, na kazi yake huanza giza linapoingia.

Kanu akiingia penye kuku wengi haui mmoja akatosheka. Wenye elimu ya wanyama wameeleza sababu. Huko porini akimkamata ndege mmoja, wengine huruka, na kazi huishia hapo. Ndani ya banda kuku hawana pa kwenda, wanapapatika mbele yake, na kila anayepapatika humwamsha tena ile tabia ya kuua, ingawa njaa imekwisha. Huuma shingoni na kichwani. Asubuhi utakuta kuku wengi wamekufa, wamelala mahali pao au chini ya fito, wengi bila vichwa, na nyama ya mwili haikuguswa. Damu si nyingi kama mtu anavyodhani. Na mara nyingi hakuna aliyesikia kelele, kwa sababu kuku haoni vizuri gizani. Mwenziwe akiuawa hapo ubavuni, yeye hutulia juu ya fito akingoja asichokijua.

Mwizi wa miguu miwili saini yake ni tofauti kabisa. Huyo huchagua. Huchukua majogoo na mitetea mizito, haachi mzoga, hana haja ya vichwa, na mara nyingi hufunga mlango nyuma yake ili mchezo usijulikane mapema. Nawaomba mlikumbuke hilo la mlango.

Kuhusu banda lenyewe sitasema mengi, maana mafundi wetu wamelijenga lile jipya vizuri na mtaliona. Sakafu imeinuliwa juu ya ardhi kiasi cha mita 1, na kila nguzo imevishwa bati laini ili panya na kanu wateleze. Wavu wake una matundu yasiyozidi sentimita 1.3. Ule wavu mwingine wa madirisha makubwa ya pembe sita, tunaouziwa madukani kama wavu wa kuku, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Haumzuii kanu mdogo wala panya asiingie, na kwa nyoka ni kama haupo. Kwa asiyekuwa na fedha ya nguzo na wavu, ukuta wa miti na udongo uliokandikwa vizuri si haya. Mama yangu hajawahi kuwa na lingine. Azibe tu pembe ya paa na ukuta, ambapo sisi wanaume huona ni mahali pa kupitisha hewa na kanu huona ni mlango mkuu, na chini achimbie mawe au wavu kwenda sentimita 30, kwa ajili ya wanaochimba.

Wapo watakaoniuliza: kwa nini tusiwaue tu? Nitajibu kama mtumishi wa serikali na kama mfugaji. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda mnyama wa porini bila kibali. Hilo ni la kwanza. La pili, sumu inayowekwa ndani ya mzoga haimchagui mlaji. Jirani yangu mmoja alitega kwa ajili ya fungo, akazika mbwa wake 2 kwa siku moja, na kama si mama mmoja aliyepita njia, mtoto wake wa miaka 3 angeiokota ile nyama. La tatu, huyo huyo nguchiro hula panya na nyoka, na mwewe vilevile hula panya. Ukiwamaliza, utapata mgeni mwingine kabla hujasherehekea. Mbwa mwenye kelele, banda lililozibwa, na mtu mwenye kufunga mlango kwa wakati, hao watatu wanatosha.

Na katika hao watatu, ndugu zangu, mkubwa ni wa mwisho. Kuku huingia wenyewe bandani jua likizama, yaani saa 12 na nusu jioni, pengine kabla kidogo wakati wa mawingu. Giza kamili huja muda mfupi baadaye. Katika nafasi hiyo ndogo ndipo mlango hufungwa, ukakazwa, ukajaribiwa kwa mkono. Kila msiba mkubwa ulioandikwa katika daftari langu ulianza katika nafasi hiyo: mgeni alifika, au simu ililia, au kila mtu alidhani mwenziwe amekwisha funga.

Sasa nafika kwenye ile sababu yangu.

Mwaka 1996, nikiwa kidato cha 3, shule hii ilikuwa na mradi wa kuku. Wenzangu wa miaka ile mnaukumbuka. Banda lilikuwa nyuma ya ghala, pale penye mabomba sasa. Kuku walikuwa kama 40, na mayai yao yalikuwa ya wagonjwa na ya mwalimu wa zamu. Mlango wa banda ulikuwa na komeo bovu. Ili usifunguke ilibidi kuuzungushia waya mara 3 kwenye msumari, kazi ya dakika 2 kwa mwenye subira. Jioni ile zamu ilikuwa yangu. Kuku waliingia, nikasukuma mlango, nikaegemeza kijiti, kengele ya prepo ikalia. Sikuzungusha ule waya. Nilijua kwamba sikuuzungusha. Nilikwenda kukaa darasani, na kitabu kikiwa mbele yangu nikawa nawaza nirudi, sikurudi.

Asubuhi 11 walikutwa wamekufa, wengi bila vichwa. Wengine 5 hawakuonekana. Mlango ulikuwa wazi.

Tulikusanywa kwenye baraza. Neno lililosemwa lilikuwa kwamba mwizi ameingia, kuku wakapiga kelele, akawanyonga wengine na kukimbia na 5. Na kwamba mwizi hawezi kufanya yote hayo bila mlinzi wa usiku kujua. Yule mzee, ambaye jina lake nimeliandika katika barua na sitalitaja hapa mbele ya watu kabla ya jamaa zake kupenda, alisimama akiwa na rungu lake na koti lile refu. Alisema maneno machache. Alisema hakusikia kitu, na kwamba alipopita alfajiri mlango aliukuta wazi. Nikaulizwa mimi kama nilifunga. Nikasema: "Nilifunga, mwalimu." Na ni kweli kwamba nilikuwa nimeusukuma mlango.

Mwisho wa mwezi yule mzee hakuwepo tena. Baada ya kama majuma 3, tukifyeka kichaka nyuma ya mabweni, tulikuta manyoya na mabawa ya kuku mahali pawili. Tuliyaona watu 6. Mwenzetu mmoja alisema labda ni wale kuku wetu, tukacheka, tukaendelea kufyeka. Mimi pia nilicheka.

Simlaumu aliyetoa uamuzi ule. Hapakuwa na mtu aliyejua kusoma kilichokuwa sakafuni pale, na aliyejua la mlango alikuwa mmoja, naye alikuwa amekwisha jibu. Miaka mingi nilijiambia kwamba huenda kweli palikuwa na mwizi. Kisha ndipo mama yangu alipokuja na maswali yake. Usiku ule ule nilimweleza habari ya kuku wa shule, kama hadithi ya zamani tu, bila kumtaja mzee wala waya. Aliuliza kama vichwa vilikuwepo. Nikasema havikuwepo. Akauliza kama nyama ililiwa. Nikasema hapana. Akasema, huku akiendelea kuchambua mchele: "Huyo ni kanu. Mtu aache kuku 11, ale vichwa? Na wale wengine walitoka wenyewe gizani, wakaliwa huko nje. Nani aliacha mlango?"

Sikumjibu, na sidhani kwamba alihitaji jibu.

Mwaka 2019 nilipata safari ya kikazi upande ule wa kwao yule mzee, nikauliza nyumba yake. Alikwisha fariki mwaka 2008. Mjane wake alinipokea, akanipa kigoda, na nikamweleza yote, pamoja na waya. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Alikuwa akisema kila mara, mlango niliukuta wazi. Kumbe yupo aliyejua." Nikamtolea fedha kidogo niliyokuwa nayo. Aliipokea, maana ana wajukuu, lakini akaniambia maneno haya: "Mwanangu, hapa kwetu sote tulijua kwamba hakuiba. Hapa hukuwa na haja ya kuja kusema. Kaseme kule walikosema wao."

Tangu siku ile nimehudhuria mikutano yetu 2, nikala pilau, nikachangia banda, nikanyamaza. Leo Kamati imenipa dakika 30 na habari ya kuku, nami nimeona sitapata siku nyingine iliyo nyepesi kuliko hii.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, ninayo barua hapa yenye kurasa 2. Imeeleza nilichofanya jioni ile na nisichokifanya, na nimeitia saini. Naomba mambo mawili. La kwanza, barua hii iwekwe katika kumbukumbu za shule pamoja na karatasi za mwaka ule, kama bado zipo, na kama hazipo iwekwe peke yake. La pili, mkutano huu ukiridhia, Mkuu wa Shule aandike maneno machache kwa mjane yule, yenye muhuri, kwamba mumewe hakuiba kuku wa shule hii. Nitaipeleka mwenyewe, kwa nauli yangu. Wenzangu 5 tulioyaona manyoya kichakani, watatu wenu nawaona mmeketi humu. Mkiona vema kutia saini zenu chini ya yangu, nafasi nimeiacha.

Na ninyi vijana wa zamu: nimewauliza mchana nikaambiwa leo mpo wawili, wa kidato cha 2. Komeo la banda jipya ni la chuma na halihitaji waya, lakini nimeona jana kwamba mvua imelivimbisha lile bao la mlango, na mtu asiyelisukuma kwa bega atadhani limeingia kumbe halijaingia. Fundi atalipiga randa Jumatatu. Saa yangu inasema ni saa 12 na dakika 10, na kuku wameanza kupanda. Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, maswali yangojee baada ya chakula. Naomba mimi na vijana hawa wawili tutangulie tukafunge.